Rabai, Kifumbu na Wakati Uliopita

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa jioni hii nizungumzie makumbusho madogo na jamii za asili za pwani yetu, na nimeona ni heri nipitie katika ziara moja tu niliyoifanya mwenyewe, kwa sababu katika ziara hiyo nilisahihishwa sarufi na mama mmoja mbele ya watu, na masahihisho yale hayajanitoka akilini mpaka leo.

Makumbusho yenyewe yako Rabai, katika kaunti ya Kilifi, si mbali na hapa Mombasa tulipokaa. Mtu hupanda matatu hadi Mazeras, akishuka huchukua bodaboda, na baada ya vilima vya minazi na miembe hujikuta mbele ya jengo kuukuu la kanisa la misheni, ambalo leo limekuwa makumbusho ya kumbukumbu ya Dkt. Krapf. Habari za mmisionari Johann Ludwig Krapf wengi wenu mnazijua. Aliingia Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe pamoja na mtoto wao mchanga ng'ambo ya pili, upande wa Nyali. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakahamia Rabai wakiwa wawili. Na wakati Krapf aliondoka baada ya miaka michache, Rebmann alibaki pale mpaka mwaka 1875, macho yake yakiwa yamekwisha nuru. Hayo sitayarefusha. Wamisionari wameandikwa vya kutosha, na mimi nilikwenda kwa ajili ya wale waliowapokea.

Aliyezoea Ngome ya Yesu, yenye kuta zilizojengwa na Wareno tangu mwaka 1593, mizinga yake na makundi ya watalii, atapaona Rabai padogo mno. Hapana foleni, na aliye na haraka anaweza kuzunguka na kumaliza kabla jasho la njiani halijamkauka. Lakini udogo huo una faida ambayo jumba kubwa haliwezi kuinunua, nayo ni kwamba anayekutembeza ni jirani wa vitu anavyokuonyesha.

Mama aliyetutembeza alikuwa Mrabai. Tulipofika penye vyombo vya jikoni, nikakiona kifumbu, ule mfuko wa kusukwa wa kuchujia tui, na mimi, kwa sauti ya mtu aliyesoma, nikauliza: "Mama, kifumbu hiki kilitumiwaje?" Akanitazama kidogo, kisha akasema: "Hutumiwa, mwanangu. Hiki ndicho kilichotumiwa. Changu nimekianika uani asubuhi hii." Wenzangu walicheka, nami nikacheka, ingawa ndani yangu nilikuwa nimeona haya, kwa sababu bibi yangu mzaa mama, hapa hapa Kibokoni, alichujia tui kwa kifumbu mpaka siku zake za mwisho, na mimi nilikuwa nimekipeleka katika wakati uliopita kwa kuwa tu nilikikuta kimetundikwa ukutani.

Naomba tuliangalie jambo hili kwa makini, maana lugha yetu imetupa silaha. Tunayo -li-, ambayo hufunga mlango wa tendo, na tunayo hu-, ambayo huuacha wazi kwa jana, leo na kesho. Mgeni anayesimama mbele ya mboko wa kutilia tembo akauliza Mijikenda walikunywaje mnazi amekwisha kuwazika watu, hali mgema yuko juu ya mti umbali wa kurusha jiwe, na jioni atapanda tena. Vivyo hivyo kwa kayamba, ambayo mtu anaweza kuiona mchana imelala juu ya meza ya maonyesho, na usiku wa siku hiyo hiyo akaisikia ikitikiswa arusini. Sisemi kwamba hakuna kilichokwisha. Hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, haivaliwi tena kila siku kama zamani, na hapo -li- ina haki yake. Ninalosema ni kwamba mgeni hana budi aulize kwanza ndipo achague kiambishi.

Kutoka kwenye wakati tuingie kwenye majina. Kamusi ya lugha ya huku, iliyokusanywa na wamisionari hao na kuchapishwa mwaka 1887, iliita lugha hiyo Kinika. Krapf na Rebmann hawakulibuni neno hilo. Walilisikia kwetu sisi watu wa mjini, ambao tuliwaita majirani zetu Wanyika, yaani watu wa porini, na tukaliona ni jina la kawaida tu. Hawa ni watu ambao Thenashara Taifa za Mombasa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa mji huu, zilikuwa na mafungamano nao ya biashara, ya ulinzi na ya kuoana kwa karne kadhaa. Jina la Mijikenda, lenye maana ya miji tisa, walijichagulia wenyewe katika miaka ya 1940: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Warabai, Wakauma, Wakambe, Waribe na Wajibana. Wao wenyewe husimulia kwamba walitoka Singwaya, kaskazini, kwa hiyo anayetafuta "mtu wa kwanza" kwa maana ya kufika kabla ya wote itambidi awaulize pia Waata, waliokuwa wakiwinda katika nyika hizi. Mimi huona kwamba uasili wa jamii hupimwa kwa kufungamana kwake na mahali, na kwa kipimo hicho kaya za Mijikenda, yaani makao yao ya kale yaliyo ndani ya misitu, hazina mpinzani.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho ndicho hasa kilichonifanya nikubali mwaliko huu: kigango.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, iliyochongwa nakshi za pembetatu, nyingine zikiwa na kichwa cha mviringo, na nyingine zikizidi kimo cha mtu. Husimamishwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima. Mara nyingi marehemu hujitokeza katika ndoto, au nyumba ikaingiwa na maradhi na mikosi, ndipo wanawe wakajua kwamba baba anadai kigango chake. Kikisimamishwa hufungwa vitambaa na kumwagiwa tembo, na haking'olewi. Familia ikihama, kigango hubaki pale pale mpaka mchwa na mvua vimalize kazi yao. Kwa maana hiyo kila kigango ni cha mtu mmoja, mwenye jina, mwenye wajukuu, mwenye boma linalojulikana.

Katika miaka ya 1970 na 1980 nguzo hizi ziling'olewa usiku na kuuzwa. Sehemu ya biashara hiyo ilipita katika mji wetu huu. Nalisema kwa masikitiko, kwani hatuwezi kuwalaumu wanunuzi wa mbali tukajifanya hatukuona mzigo ukipita mlangoni. Mwaka 1985 mtafiti mmoja wa Kimarekani alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Mzee alifariki bila kuviona tena. Miaka mingi baadaye kimoja kiligunduliwa katika makumbusho ya chuo kikuu katika jimbo la Illinois, na kingine Hampton, Virginia, na kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya. Vilirudi kwao kwa sababu ya ile picha. Bila picha, mbao hizo zisingekuwa na pa kurudi.

Watafiti waliofuatilia habari hiyo walihesabu takriban vigango 300 katika makumbusho ya Marekani. Makumbusho ya Denver, yaliyokuwa na 30 vilivyotolewa zawadi mwaka 1990, yaliamua kuvirudisha, na vikafika nchini mwaka 2019. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini virudi kwa nani? Aliyeving'oa hakuandika jina la marehemu wala la boma. Vilivuka bahari vikiwa ni baba wa watu, vikaandikwa kuwa ni mbao za Mijikenda, na sasa hata makumbusho yetu wenyewe yakivipokea kwa mikono miwili hayawezi kuviambia wanawe wako wapi. Jina la kabila, ambalo mgeni hudhani ni maelezo ya kutosha, hapa ndilo lililofunika jina la mtu.

Ndiyo maana pale Rabai niliangalia pia visivyokuwapo. Kaya zenyewe, misitu ile iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, haziko mbali na jengo hilo, na ndani yake mna fingo, zile kago zilizofukiwa ardhini kulinda mji, ambazo hakuna mzee mwenye akili timamu atakayekubali zichimbuliwe zikawekwe kiooni. Kule Kaya Kinondo, upande wa Kwale, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, na huambiwa wapi asiguse mti na wapi asifike kabisa. Nimewahi kuwasikia watu wakilalamika kwamba wamelipa kiingilio na hawakuonyeshwa kila kitu. Nawauliza, ni nani kati yetu hapa Mombasa humfungulia mgeni chumba cha ndani siku ya kwanza, ati kwa kuwa amebisha hodi kwa adabu?

Mwenyekiti ananiashiria saa. Waliojiandikisha kwa safari ya Rabai tutakutana Jumamosi saa mbili asubuhi nje ya ukumbi huu. Chukueni maji, vaeni viatu vya kutembelea, na akina mama tafadhali mje na kanga ya ziada. Anayetamani kuingia kaya asubiri. Wazee wa huko wamekwisha pelekewa ujumbe, na jibu lao bado. Naona mkono pale nyuma. Karibu, bibi, uliza.