Kizingiti cha Ihefu: maji ya kiangazi na mustakabali wa bonde la Rufiji

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wageni waalikwa, walimu, wanafunzi na wananchi wenzangu mliofika jioni hii hapa Iringa, nawashukuru kwa nafasi mliyonipa. Nimeombwa nieleze jinsi hali ya mazingira itakavyoamua maisha ya watu wa bonde la Rufiji katika miongo ijayo. Mada ni pana, nami nitaibana kwa makusudi, kwa sababu naamini jambo lenyewe limejificha mahali padogo kuliko tunavyodhani.

Pale N'Giriama, maji yanapotokea katika ardhi oevu ya Ihefu kwenye bonde la Usangu, kuna mwamba uliolala kama kizingiti cha mlango. Maji yanayoshuka kutoka nyanda za juu kusini, ikiwemo milima ya Uporoto na Kipengere, kwa njia ya mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe hukusanyika nyuma ya mwamba huo. Yakipanda juu ya kizingiti, mto huendelea na safari yake kupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hadi bwawa la Mtera. Yakishuka chini ya kizingiti, hata kwa kimo cha kiganja, mto hukatika, ijapokuwa nyuma ya mwamba bado mna maji, samaki na viboko. Tangu mwaka 1993 mto ambao wazee waliujua kuwa haukauki umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, mara nyingine kwa wiki chache, mara nyingine kwa miezi. Aliyewahi kusimama Msembe, ndani ya hifadhi hiyo, mwezi Novemba na kuona viboko wamebanana katika dimbwi la tope hahitaji mhadhara wangu kuhusu hilo.

Natumia mfano wa kizingiti kwa sababu unaonyesha kosa tunalolifanya katika hesabu zetu. Tunahesabu maji kwa mwaka. Tunasema bonde la Rufiji ni karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara, kwamba mto Kilombero huchangia takriban asilimia 62 ya maji yake, Luwegu asilimia 18 na Ruaha Mkuu asilimia 15, kisha tunahitimisha kwamba maji yapo ya kutosha. Kwa mwaka, yapo. Lakini mkulima, samaki na mgonjwa wa zahanati ya kijijini hawaishi kwa wastani wa mwaka; wanaishi kwa maji ya Septemba, Oktoba na Novemba, na katika miezi hiyo mito ya Usangu hubaki na sehemu ndogo sana ya yale yaliyopita mwezi Machi. Hoja yangu ni kwamba mashinikizo yote tunayoyataja kila siku, yaani ongezeko la watu, kilimo, mifugo, umeme na mabadiliko ya tabianchi, yatakutana katika miezi hiyo michache, na huko ndiko mustakabali wa bonde hili utakakoamuliwa.

Naomba nikae kidogo kwenye mpunga, maana hapo kuna mengi ya kujifunza. Mkulima wa zamani wa Usangu alijenga banio lake, yaani kizuizi cha kuelekeza maji ya mto mferejini, kwa magogo, mawe, nyasi na udongo. Lilikuwa likivuja, na mafuriko yalikuwa yakilisomba karibu kila masika, naye alilijenga upya akilalamika. Wataalamu walikuja wakaona upotevu, wakashauri banio la zege lenye milango ya chuma. Kwa kijiji kimoja, ulikuwa ushauri mwema. Kwa mto mzima, jambo lilikuwa tofauti, kwa sababu lile banio lililovuja lilikuwa, bila mtu kukusudia, likigawa maji: kilichovuja kilimfikia jirani wa chini. Banio la zege linaweza kuukamata mto wote wa kiangazi na kuuingiza katika mfereji mmoja. Ongeza hapo kwamba vibali vya kutumia maji vilikuwa vikitolewa kwa kiasi maalumu cha lita kwa sekunde, kiasi ambacho mto una uwezo nacho wakati wa masika lakini ambacho wakati wa kiangazi kinaweza kuzidi maji yote yaliyomo mtoni. Mwenye kibali havunji sheria anapouchukua mto mzima. Anatumia haki aliyoandikiwa.

Na maji hayo ya kiangazi hufanya kazi gani? Baadhi huotesha vitalu vya mpunga wa mapema, kwa sababu anayevuna kabla ya wenzake huuza kwa bei nzuri, na sioni namna ya kumlaumu mtu kwa kutafuta bei. Lakini sehemu kubwa huachwa ikitembea kilomita nyingi ndani ya mifereji ya udongo ili tu vijiji vya mwisho vipate ndoo za kunywa, kufulia na kufyatulia matofali. Njiani hunywewa na ardhi na jua. Kisima kirefu kimoja katika kijiji cha namna hiyo kinaweza kurudisha mtoni maji mengi kuliko semina kumi za uhifadhi, na nasema hivi nikiwa mtu niliyeendesha semina nyingi za aina hiyo.

Kuhusu mifugo nitasema kwa ufupi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Usangu, wengi wakaelekea Lindi, Kilwa na Rufiji, na mwaka 2008 Ihefu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mto uliendelea kukatika. Sisemi kwamba ng'ombe wengi hawaharibu ardhi oevu, wanaiharibu. Ninachosema ni kwamba tulimwondoa aliyeonekana kwa macho tukaacha milango ya mabanio kama ilivyokuwa, na watu wa Rufiji wakapokea ugomvi wa wakulima na wafugaji ambao haukuanzia kwao.

Sasa weka juu ya haya mambo mawili yajayo. La kwanza ni watu: sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu Watanzania milioni 44.9, ile ya mwaka 2022 ikatuhesabu milioni 61.7, na wali wa watu hao unapikwa kwa mchele wa wilaya ya Mbarali, huko Usangu, na wa Kilombero. La pili ni tabianchi. Kuhusu jumla ya mvua za nyanda za juu kusini, makadirio ya kisayansi hayakubaliani. Mengine yanaonyesha ongezeko, mengine upungufu. Kuhusu joto yanakubaliana. Joto likipanda, mpunga hudai maji zaidi, na bwawa pana lenye kina kifupi kama Mtera hupoteza maji mengi zaidi hewani. Mvua nazo zinazidi kuja kwa kishindo, na mvua ya kishindo hupita juu ya udongo bila kuzama. Chemchemi zinazoulisha mto mwezi Oktoba hutegemea mvua iliyozama ardhini mwezi Februari. Kwa hiyo inawezekana kabisa tukapata mwaka wenye mvua nyingi na kiangazi kikali, na wanasiasa wetu wakashindwa kutueleza kwa nini.

Hapa ningependa kuondoa dhana moja. Mgawo wa umeme wa mwaka 2006 ulipotukumba, wengi walisema wakulima wa Usangu wamekunywa umeme wetu. Vituo vya umeme wa maji vya Mtera, chenye megawati 80, na Kidatu, chenye megawati 204, hutegemea zaidi maji ya masika yanayojaza bwawa, wala si mtiririko mdogo wa kiangazi. Mto kukatika hifadhini na taa kuzimika Dar es Salaam ni matatizo mawili yenye undugu, lakini hayatibiwi kwa dawa moja, na kuyachanganya kumetupotezea miaka mingi.

Chini kabisa ya bonde hadithi inageuka. Huko mafuriko ni mbolea. Mkulima wa Rufiji hupanda mpunga kabla mto haujafurika, na maji yakishapungua hupanda mahindi na kunde katika udongo uliobaki na unyevu, kilimo kinachoitwa mlau. Mafuriko hayo hayo hujaza maziwa ya pembeni kama Zumbi na Ruwe na kuleta samaki. Matope yake hulisha mikoko ya delta, takriban hekta 53,000, ambayo boriti zake zilijenga nyumba kutoka Lamu hadi Ghuba, na ambamo kamba wa pwani ile hukulia. Tangu Desemba 2022 maji yote ya mto yanapita kwanza katika bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115. Umeme tunauhitaji. Lakini tope linalotua ndani ya bwawa halifiki delta, wakati bahari inapanda na chumvi inasogea kwenye majaruba ya mpunga. Mwezi Aprili 2024, kwa upande mwingine, vijiji vya Rufiji na Kibiti vilizama, na maelfu ya watu wakayaacha makazi na mashamba yao.

Bonde hili sasa lina kizingiti cha pili, na hiki kina mtu wa kukifungua. Jiwe la N'Giriama haliwezi kuulizwa litaruhusu maji lini. Milango ya bwawa inaweza kuulizwa. Mkulima wa mlau aliyeko Ikwiriri anahitaji kujua kabla ya kununua mbegu kama mwaka huu mafuriko yatafunguliwa, kwa kimo gani na wiki gani, na taarifa hiyo imfikie kwa redio na kwa mwenyekiti wa kitongoji wiki kadhaa mapema, kama anavyopata taarifa ya bei ya korosho. Kwa Usangu, vibali viandikwe upya kwa sehemu ya maji yaliyomo mtoni badala ya lita, ili mto ukipungua kila mfereji upungue nao. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 tayari imeyaweka maji ya matumizi ya nyumbani na ya mazingira mbele ya matumizi mengine, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko hapa hapa mjini kwetu. Maswali yenu nayasubiri, na ningefurahi la kwanza litoke kwa mtu wa Mbarali.