Ukikamatwa Marekani, kunyamaza tu hakutoshi

ZUHURA: Haya karibuni tena, mi Zuhura, nipo na kaka Musa. Leo tunaongelea sheria za jinai za Marekani maana ndugu zetu wengi wapo kule, mdogo wangu mwenyewe anaendesha lori Ohio, na siku polisi akimsimamisha sijui kama anajua aseme nini. Kaka, tuanze na ile ya kwenye muvi, "una haki ya kunyamaza".

MUSA: Hiyo imetokana na kesi ya Miranda ya mwaka 1966. Ukishakamatwa, kabla hawajakuhoji lazima wakwambie unaweza kunyamaza, utakachosema kitatumika dhidi yako, una haki ya wakili na kama huna hela utapewa. Sasa watu wanadhani wasipokusomea basi kesi imekufa, hapana dada, mara nyingi yanayotupwa ni yale majibu yako tu, ushahidi mwingine upo palepale.

ZUHURA: Kwa hiyo nikikaa kimya niko salama?

MUSA: Ndo penyewe hapo! Kuna kesi ya Thompkins, Michigan, kesi ya mauaji. Jamaa kahojiwa karibu masaa matatu, kimya, labda neno mojamoja. Mwishoni askari akamuuliza unamwamini Mungu? Akasema ndio, machozi yanamlengalenga. Unamwomba? Ndio. Unamwomba akusamehe kwa kumpiga risasi yule kijana? Akasema ndio, akaangalia pembeni.

ZUHURA: Jamani.

MUSA: Jibu hilo likapelekwa mahakamani, akafungwa maisha. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikasema, majaji 5 kwa 4, kukaa kimya peke yake siyo kudai haki yako, inabidi utamke. Na utamke wazi, maana 1994 kuna mtu alisema "labda niongee na wakili", wakaona hiyo labda haitoshi.

ZUHURA: Na sisi tulivyolelewa, mkubwa akikuuliza unajibu, ukinyamaza unaonekana huna adabu. Mtu anajieleza weee mpaka anajifunga mwenyewe.

MUSA: Ndo maana naumia nikiliongelea hili. Sema "sitaki kuongea, nataka wakili", alafu funga mdomo. Kiingereza kikikushinda omba mkalimani.

ZUHURA: Na kukiri kosa ili upunguziwe?

MUSA: Kule kesi nyingi sana zinaishia hivyo, kwenye mahakama za shirikisho, yaani zile za serikali kuu, kama 97 kati ya kila hukumu 100 za hatia ni watu waliokiri, hazifiki hata kwenye juri, wale raia wanaoamua kama una hatia. Sasa msikilize Padilla, dereva wa lori kama mdogo wako, mzaliwa wa Honduras, kakaa Marekani zaidi ya miaka 40 kihalali na wakati wa vita ya Vietnam katumikia jeshi la Marekani. Kakamatwa na bangi kwenye lori Kentucky, wakili akamwambia usiwaze mambo ya uhamiaji we umeshakaa sana hapa, akakiri, kumbe kosa lile linamrudisha kwao.

ZUHURA: Miaka 40!

MUSA: Mahakama ya Juu 2010 hiyohiyo ikasema wakili wako lazima akwambie kama kukiri kutakuletea hatari ya kufukuzwa nchini. Kwa hiyo kabla hujasaini muulize, nikikiri hapa, uhamiaji watanifanya nini?

ZUHURA: Kaka naomba ile sentensi ya "sitaki kuongea, nataka wakili" unisemee kwa Kiingereza, taratibu, nimtumie voisi.

MUSA: Lete simu.