Amplifaya Inayozimia Foleni ya Jangwani

Marahaba, marahaba. Wa nyuma sogeeni huku kwenye feni. Leo tunazungumzia joto, sitaki mtu azimie kabla ya amplifaya.

Nianze na gari lililonitia aibu. Noah moja, mwenyewe ana duka Kariakoo na anaishi Kimara. Nilimfungia amplifaya ya chaneli mbili na sabufa ya inchi 12. Asubuhi anakuja mjini, muziki safi. Saa kumi jioni anarudi. Akifika Jangwani magari yamesimama, muziki unakata, taa nyekundu inawaka. Akifika Manzese unarudi wenyewe. Siku tatu mfululizo ananipigia simu. Nikamwambia amplifaya ni mbovu, nikambadilishia. Ya pili nayo ikazimia palepale. Akaniuliza, "Fundi, au Jangwani kuna jini?"

Jini hakuna, kuna hesabu. Amplifaya ya klasi AB, yaani ule muundo wa zamani, ikisukumwa kwa nguvu, karibu nusu ya umeme inaoula inautoa kama joto. Ikitoa wati 400 kwenda kwenye spika, imevuta kama 800 kutoka kwenye betri. Hizo 400 nyingine zimekwenda wapi? Ziko kwenye hitisinki, kile chuma cha alumini chenye mapezi. Karibu nusu ya pasi ya umeme, na wewe umeifunika kapeti. Klasi D, muundo unaowasha na kuzima umeme kwa kasi sana, ina nafuu kubwa: kwa kazi ileile itapoteza wati mia moja hivi, pengine chini ya hapo. Ndiyo maana ni ndogo, na ndiyo maana kijana wa dukani akikuuzia ya klasi D mnene kama tofali, jiulize ndani kuna nini.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo nilipochelewa kuelewa. Hitisinki haina baridi yake. Inachofanya ni kulitoa joto kwenda kwenye hewa inayoizunguka. Tuseme muziki wa huyu bwana unaipandisha amplifaya nyuzi 40 juu ya hewa iliyopo. Asubuhi hewa ni nyuzi 26, jumla 66, hakuna neno. Lakini gari likishinda juani Kariakoo, vioo vimefungwa, ndani linafika 50 bila shida. Hamsini na arobaini? Tisini. Amplifaya nyingi zinajizima zikifika kwenye 80 na kitu. Basi haikuzimia kwa sababu ya Jangwani. Iliondoka Kariakoo ikiwa tayari na homa, Jangwani ikaanguka.

Mnacheka, lakini wangapi wangeanza kwa kufunga feni? Nyosheni mikono. Naona wote. Mimi pia nilifunga feni, mbili, zile za kompyuta za volti 12. Zikawa zinazungusha hewa ileile ya moto chini ya kiti, kama mtu anayejipepea ndani ya blanketi. Feni inasaidia pale tu hewa ya moto inapopata pa kutokea na ya nje pa kuingilia.

Nikatoa kapeti, nikaisimamisha amplifaya ukutani, mapezi yakielekea juu na chini ili hewa ya moto ipande yenyewe, nikaacha nafasi ya vidole vitatu kila upande. Ikapungua. Haikuisha. Na msije mkaifunga kichwa chini kwenye dari la buti, joto litarudi kwenye bodi ya saketi iliyo ndani yake. Kuifunga kwenye boksi la sabufa ndiyo mtindo wa mjini, najua. Boksi linatikisika mpaka risasi ya kuungia inapasuka.

Basi ndipo nikachukua mita, jambo nililotakiwa kulifanya siku ya kwanza. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye terminali ya ethi ya amplifaya, ule waya wa hasi unaokazwa kwa boliti kwenye chuma cha gari, muziki ukiwa juu. Hapo unategemea volti 0.1, au 0.2. Mita ikasoma 1.3. Pitisheni hii boliti muione. Huo weusi ni plastiki ya waya iliyoungua. Nilikaza ethi juu ya rangi! Fundi wa miaka yote hiyo. Rangi haipitishi umeme. Ulikuwa unapita kwenye nyuzi za boliti tu.

Mtaniuliza, volti moja inahusianaje na joto la amplifaya? Volti zikipungua, dari la amplifaya, yaani kikomo cha nguvu inachoweza kutoa, linashuka. Na kwenye foleni, injini ikiwa sailensa, inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, eisi imewashwa, alternata inayochaji betri yenyewe inachechemea. Mwenye gari anasikia besi imelegea, anaongeza sauti. Mawimbi yanagonga dari, vichwa vinakatwa. Muziki mzima hupanda na kushuka, na kule kushuka ndiko amplifaya inakopumulia. Ukishakatwa vichwa hakuna kupumua, na koili ya spika nayo inaanza kunuka.

Kwa hiyo geini, kile kirekebishi kilicho kwenye amplifaya, si kitufe cha sauti. Weka redio kwenye robo tatu, geini sifuri, busta ya besi sifuri, kisha panda taratibu. Ukisikia mkwaruzo, rudi nyuma kidogo, acha hapo. Mteja atalalamika kwamba haitikisi. Alalamike.

Pia mteja akisema "mbona hata sijafungulia sana", usimwite mwongo. Amplifaya ya AB hupata moto zaidi kwenye asilimia 40 hivi ya nguvu yake kuliko ikiwa juu kabisa. Ile sauti ya kati, ya mtu mstaarabu, ndiyo inayoipika.

Waya za spika nitazipitia haraka. Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; zikiwa chache, amplifaya inavutwa umeme mwingi zaidi. Sabufa yenye koili mbili za omu 4: ukiziunga sambamba unapata 2, ukiziunga mfululizo unapata 8. Amplifaya ikiandikwa mwisho omu 4 kwa chaneli zilizounganishwa, usiipe 2. Kila chaneli itaiona kama 1. Itapiga, tena itapiga vizuri sana, kwa wiki moja. Na ule waya wa bei rahisi, mwekundu mnene, ukwangueni kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha kama sita ya kumi ya shaba. Nunua mnene zaidi au nunua shaba. Fyuzi ikiungua, anayeziba kwa karatasi ya sigara asije kwenye karakana hii.

Kuna dereva wa bajaji hapa Gerezani huweka chupa ya maji baridi juu ya amplifaya. Nimemwambia jasho la chupa litamuulia bodi. Anasema mwaka wa pili huu. Sina la kumjibu.

Haya. Ile Corolla pale nje imeshinda juani tangu saa tatu. Fungueni buti, washeni muziki, nani ana mita? Msiguse feni. Anzeni na ethi.