Git imegoma kuunganisha matawi? Tuitatue pamoja

Karibuni tena. Hapa kwenye terminali yangu, dirisha la kuandikia amri, mnaona neno CONFLICT (mgongano) kwa herufi kubwa. Nimeliacha makusudi tulishughulikie pamoja. Usiogope na usifunge dirisha. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, imeunganisha yote iliyoweza, ikakwama pale ambapo matawi mawili, yaani matoleo mawili ya mradi yanayoendelea sambamba, yamegusa mistari ileile. Hapo inakuachia wewe uamue.

Anza na git status. Faili zilizoandikwa both modified ndizo zenye mgongano. Ukiona huna muda nao leo, git merge --abort itakurudisha ulikotoka, mradi kazi yako ulikuwa umeshaikomiti, yaani kuihifadhi kwenye historia ya Git, kabla ya kuunganisha.

Sasa fungua faili. Alama saba za < pamoja na neno HEAD zinaanzisha toleo la tawi ulilopo. Zinafuata alama saba za =, kisha toleo la tawi unaloliingiza, na alama saba za > zinafunga. Kwangu juu pana muda = 60, chini pana muda_wa_kusubiri = 30.

Hapa ndipo mkono unapowasha kubofya kitufe cha kihariri cha kubali langu, kinachobakiza toleo lako tu. Subiri kidogo. Ukiangalia pande hizi mbili tu, huwezi kujua nani alibadilisha nini, kwa sababu mstari wa awali hauuoni. Kwa hiyo, kabla hujahariri chochote, andika git checkout --conflict=diff3 ukimalizia na jina la faili. Nasema kabla, kwani amri hii inaliandika faili upya na marekebisho yako yatapotea. Tazama sasa: katikati pameongezeka sehemu ya tatu, muda = 30. Kumbe! Mimi niliongeza sekunde, mwenzangu alibadilisha jina tu. Jibu halimo upande wowote. Ni muda_wa_kusubiri = 60.

Nauandika mstari huo, nafuta alama zote, nahifadhi. Kisha git diff --check, maana alama moja iliyosahaulika inatosha kuangusha programu nzima.

Bado usikomiti. Git inalinganisha mistari tu, lakini maana ya mistari hiyo haiijui. Tafuta jina la zamani kwenye mradi mzima. Mnaona? Faili jingine bado linaita muda, na lenyewe liliungana kimyakimya bila onyo lolote. Mimi migongano ya namna hii ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu haipigi kelele. Narekebisha, naendesha majaribio, yamepita.

Git add kwa kila faili ulilogusa, halafu git commit; ujumbe utaukuta umeshaandaliwa.

Jambo moja kwa wanaotumia git rebase, amri inayohamishia komiti zako juu ya tawi jingine: huko pande zinageuka. Chini ya HEAD utakuta kazi ya tawi unalohamia, na yako ndiyo inayokaa chini ya alama za =. Ukimaliza git add, badala ya kukomiti andika git rebase --continue, na usishangae mgongano mwingine ukitokea kwenye komiti inayofuata.