Izidishwe Mara Ngapi? Mhadhara Kuhusu Vipeo na Logi

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kukaa ndani Jumamosi mchana, asanteni. Mitihani yenu mtaifanya kwa Kiingereza, najua. Leo tutafikiri kwa Kiswahili.

Naanza na mkopo wa kausha damu. Naona mnacheka, wapo wazazi ambao hawacheki. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni. Halipi hata senti. Deni litafika 200,000 baada ya miezi mingapi? Semeni tu. Kumi. Kumi. Kumi. Yule wa nyuma amesema saba na kitu, tutarudi kwake.

Waliosema kumi wamejumlisha: elfu kumi kila mwezi, mara kumi, laki moja. Ingekuwa hivyo kama riba ingehesabiwa kwenye laki ya mwanzo peke yake. Mkopeshaji wetu anaihesabu kwenye deni lote lililopo siku hiyo. Mwezi wa kwanza deni ni 110,000. Wa pili ni 121,000, si 120,000. Ile elfu moja iliyozidi ni riba iliyozaliwa na riba, na kwa udogo wake hakuna anayeishtukia. Mwezi wa saba deni ni 194,872. Wa nane, 214,359. Mwaka ukitimia, 313,843. Kwa hiyo aliyesaini akidhani riba ya mwaka ni asilimia 120 atadaiwa riba ya karibu asilimia 214, na mkopeshaji ataapa kwamba hakumdanganya. Kwa hesabu, kweli hakumdanganya.

Kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.1. Baada ya miezi n, deni ni 100,000 × 1.1ⁿ. Itazameni hiyo n ilipokaa: juu, kwenye kipeo. Mmezoea kisichojulikana kikae chini. Ukiona 3x = 12, unagawanya. Ukiona x² = 49, unatafuta kipeuo cha pili. Sasa tuna 1.1ⁿ = 2. Ukigawanya, n haishuki. Ukitaka kipeuo, hujui utafute kipeuo cha ngapi, maana hiyo "ngapi" ndiyo unayoitafuta.

Basi tuliulize swali kama lilivyo: 1.1 izidishwe yenyewe kwa yenyewe mara ngapi ili tupate 2? Swali hilo ndilo logi. Logi ya 1,000 kwa msingi wa 10 ni 3, kwa sababu kumi tatu zikizidishwa zinatoa elfu. Logi ya 2 kwa msingi huohuo ni 0.3010, yaani kumi haijafika hata "mara moja". Hapo mtu anagoma: mtu anazidishaje mara sifuri nukta tatu? Swali zuri, na jibu lake limo kwenye mkopo. Deni lilivuka laki mbili kati ya mwezi wa saba na wa nane. Kuna siku fulani katikati ambapo lingekuwa laki mbili kamili kama lingekua taratibu kila siku kwa kasi ileile. Desimali ya logi inaitaja siku hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo walimu wenzangu hamtalipenda. Tunawaimbisha watoto sheria za logi kabla hawajajua logi inajibu swali gani. Wanaziimba vizuri sana, kisha kwenye mtihani wanaandika kwamba logi ya a + b ni logi ya a jumlisha logi ya b, na tunawakata maksi kana kwamba kosa ni lao peke yao. Mtoto anayejua swali hawezi kuandika hivyo. Kumi mbili zikizidishwa ni mia, kumi tatu zikizidishwa ni elfu. Ukizidisha mia kwa elfu umetumia kumi tano. Vizidishi vikikutana, idadi zao zinajumlishwa. Ukijumlisha mia na elfu unapata 1,100, ambayo haina kumi tano ndani yake wala karibu yake. Logi yake ni 3.04. Sheria nzima ni hiyo hesabu ya "mara ngapi", na ile ya kushusha kipeo inatoka humohumo: 1.1ⁿ ni 1.1 iliyorudiwa mara n, kwa hiyo logi yake ni n mara logi ya 1.1.

Turudi kwa kijana wa nyuma. n = log 2 ÷ log 1.1. Hiyo ni 0.3010 kugawanya kwa 0.0414, inakaribia 7.27. Saba na kitu. Mwenye kikokotoo, na simaanishi kile cha pensheni, abonyeze kitufe cha ln, yaani logi ya msingi mwingine, badala ya log: 0.6931 kugawanya kwa 0.0953. Jibu ni lilelile. Msingi wowote utakaouchagua, mradi juu na chini ni uleule, mgao haubadiliki.

Aliyeanzisha logi hakuwa na mkopo. John Napier, Mskochi, alichapisha majedwali yake mwaka 1614, wakati wanaastronomia walikuwa wakizidisha kwa mkono namba za tarakimu saba na zaidi. Mwaka uliofuata Henry Briggs, profesa wa London, alimfuata Edinburgh, wakakubaliana kwamba msingi wa 10 ungerahisisha kazi. Vile vijitabu vya majedwali mnavyovikunja kwenye mifuko ya sare ni wajukuu wa mazungumzo hayo. Kuzidisha kukageuka kujumlisha, na kugawanya kukageuka kutoa.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Umbo ni la mkopo wetu, namba tu zimebadilika: log 2 ÷ log 1.032, miaka 22. Kasi hiyo ikidumu, mwaka 2044 tutakuwa zaidi ya milioni 123. Nimesema ikidumu. Hesabu inaheshimu ulichoipa; haijui kama familia zitapungua ukubwa. Mtu akiwatolea utabiri wa aina hii, mwulizeni kwanza kuhusu kasi.

Kuna mahali ambapo logi yenyewe ndiyo inayotangazwa redioni. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba Bukoba, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Lile la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004, ambalo tsunami yake iliua watu hadi Somalia na pwani yetu, lilikuwa 9.1. Msikilizaji anaona tofauti ya 3.2, anadhani si kubwa. Lakini namba hizo zinahesabu mara za kuzidisha kwa kumi. Mtikisiko wa ardhi, ukipimwa kwa umbali sawa, unatofautiana kwa 10 kwa kipeo cha 3.2, karibu mara 1,600. Nishati inapanda haraka zaidi, karibu mara 32 kwa kila hatua moja, kwa hiyo tofauti inafika kama mara 63,000. Ukizitoa namba hizo kama unatoa kilo za sukari, umepotea.

Kabla ya maswali, hesabu moja mkaifanye. Sensa ya 1967 ilipata watu milioni 12.3. Hadi 2022 ni miaka 55. Kwa wastani, kila mwaka tulizidishwa kwa ngapi? Safari hii miaka mnaijua na kisichojulikana kimeshuka chini, kwa hiyo mnahitaji kipeuo cha 55, na jedwali halina safu ya kipeuo cha 55. Gawanyeni 61.7 kwa 12.3, tafuteni logi ya jibu, igawanyeni kwa 55, kisha rudini kinyume kwenye jedwali. Mtapata karibu 1.03. Atakayeniletea asilimia 9 atakuwa amegawanya 5 kwa 55, na nitajua bado anajumlisha.

Haya, mikono juu. Kidato cha tatu kwanza.