Fimbo, Panga na Makali Yasiyoonekana

Ndugu washiriki, fimbo mliyoshika ni henzerani, urefu wa sentimita 71 hivi, unene kama 2.5. Wafilipino wanaipendea wepesi, na ikichakaa huchambuka nyuzinyuzi, haivunjiki vipande vya kurukia macho. Mchezo wenyewe, wa kupigana kwa fimbo na panga, wanauita arnis, eskrima au kali; kwa jina la arnis, tangu 2009 ni mchezo wa taifa kisheria.

Husemwa kwamba fimbo ni panga la kujifunzia. Nusu yake ni kweli. Njia za mapigo ni zilezile, na miguu ni ileile. Kinachokosekana ni makali. Fimbo ni mviringo, hupiga kwa upande wowote. Bolo, panga lao, mkono ukipinda kidogo tu hugonga kwa ubapa na kuzunguka kiganjani. Aliyewahi kufyeka anajua. Basi bandika utepe kwenye fimbo, toka mpinini hadi nchani, upande wa vifundo vya kati vya vidole. Piga polepole mara 20, mwenzako autazame utepe: je, ndio unaotangulia? Wengi huupoteza kwenye pigo la kurudi, kiganja kinapogeuka.

Hapo ndipo abaniko inapoumbuka. Ni pigo la kupepea kama kipepeo cha mkaa, kifundo cha mkono kikizunguka. Kwa fimbo linauma vibaya kichwani; kwa panga, mara nyingi unamzaba mtu ubapa. Fimbo hugonga na kurudi. Panga hutaka kupitishwa na kuvutwa ndipo likate.

Kosa la hatari zaidi ni kunyang'anya silaha. Kwa fimbo, kudaka ya mpinzani ni halali kabisa. Balintawak, mtindo wa arnis alioanzisha Venancio Bacon huko Cebu, Ufilipino, hutegemea sana mkono mtupu, ule usioshika fimbo. Ukidaka panga hivyo, vidole vinakwenda. Shika kifundo cha mkono wake, au kaa mbali uupige mkono wenyewe. Kukinga nako kunabadilika: makali kwa makali hupata mapengo, hivyo toka kwenye mstari wa pigo kwanza, kisha kinga kwa ubapa au mgongo wa panga.

Kwa hiyo kabla ya kila zoezi, mwalimu aseme: leo hii ni fimbo, au leo hii ni panga. Asiposema, mwanafunzi atachanganya, na mkono hukumbuka ulichorudia.

Simameni wawili wawili. Leo ni panga. Utepe utangulie.