Nimekimbia kilomita 5 Bushy Park, nikaponea chupuchupu kuwa wa mwisho

Jamani habari zenu! Mnanisikia ninavyohema? Ngoja nigeuze kamera. Mnawaona wale, wenye pembe kama matawi? Kulungu wa huku hao. Hapa ni Bushy Park, kusini-magharibi mwa London, jirani na kasri la Hampton Court. Wanaishi humu humu. Sisi tunakata roho, wao wanakula majani.

Haya. Mbio zenyewe zinaitwa parkrun. Kila Jumamosi saa 3 asubuhi, kilomita 5, bure. Narudia, bure, maana nawajua watu wangu wa Dar: kwetu unalipia namba, unapewa fulana na medali, wiki nzima tunaona picha. Huku hupewi fulana wala medali. Unajisajili mara moja, unapata ile mistari myeusi ya kuskaniwa, kama ya kwenye sabuni. Ukimaliza unapewa kitokeni chenye nafasi yako, wanaskani, muda wako unatumiwa kwa baruapepe. Wanaoendesha yote ni watu wa kujitolea. Zilianzia hapa hapa mwaka 2004, wakimbiaji 13 tu. Leo wa mbele wameshapotelea kwenye miti, mimi hata mstari wa kuanzia sijauvuka!

Kilomita ya kwanza nilikwenda kwa sifa, nikalipia ya pili. Nikapitwa na baba anayesukuma kigari cha mtoto. Mtoto kalala.

Sasa kuna mtu mmoja, kavaa kizibao cha kung'aa, kazi yake ni kumaliza wa mwisho. Kapangiwa kabisa! Ujikokote unavyojikokota, wa mwisho ni yeye, si wewe. Leo alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu. Akanikuta nimeshika kiuno, tukatembea wote. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikajua hapa nitaitwa Mkenya, nikawahi: Tanzania.

Bibi akasimama. "Filbert Bayi!"

Jamani. Akaanza kunisimulia Christchurch, kule New Zealand, 1974, mita 1500: Bayi, mkimbiaji wetu, kachomoka tangu mlio wa bastola, kawaongoza mpaka utepe, hakuna aliyemshika, rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2. Anaonyesha na mikono! Nyie wa 2000 mnamjua Bayi, au mpaka bibi wa Kiingereza awasimulie? Na mimi tusidanganyane, nilikuwa najua jina tu.

Nikamwambia, bibi, Bayi aliongoza mwanzo mpaka mwisho, na mimi nimekaa nyuma mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo sote hatukubadilisha nafasi. Kacheka mpaka kashika mti.

Dakika 54. Andikeni tu huko chini, nimeshazoea.

Mama kanipigia sasa hivi. "Umeshinda?" Nimemaliza, mama. "Wamekupa nini?" Hawatoi kitu. "Hata soda?" Hata soda.

Kimya. "Sasa mwanangu, ulikuwa unakimbizwa na nani?"